Madaftari Mawili ya Naguru na Nakawa

Shangazi yangu alikuwa na daftari la shule, la kurasa tisini na sita, lililoshonwa kwa uzi mweusi baada ya jalada kung'oka. Ndani yake hakukuwa na hesabu za duka wala nyimbo za kanisani. Kulikuwa na majina ya watu waliochanga jirani alipofiwa: nani katoa shilingi ngapi, nani kaleta kilo mbili za sukari, nani kaahidi na bado hajaleta. Kota za Nakawa, jijini Kampala, zilimjua kwa jina la Karani. Akikupita pale bombani, daftari kwapani, huna haja ya kuuliza kama kuna msiba; unauliza ni kwa nani.

Daftari la pili sikuwahi kulitia machoni. Lilikaa ofisini kwa mwenye nyumba, ambaye kwa kota za Nakawa na Naguru hakuwa mtu bali mamlaka ya jiji. Hilo liliandikwa namba ya mlango na jina moja la mpangaji. Julai 2011 matingatinga yalipoingia, daftari lililosema nani ana haki na nani hana lilikuwa hilo la ofisini.

Swali la kisa hiki ni jepesi kuuliza. Mtaa uliokaa zaidi ya nusu karne, ambao watu wake walizikana, walilea watoto pamoja na kuazimana hadi makaa, uliwezaje kufagiliwa ukabaki udongo mtupu? Wengi hujibu kwamba serikali ina nguvu, mnyonge hana. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi, maana serikali hiyohiyo, katika jiji hilohilo, iliwauzia wapangaji wa maghorofa ya Bugolobi na Bukoto nyumba walizokuwa wakiishi. Leo wapo pale na hati zao. Kwa hiyo kuna jambo jingine, na mimi naona lilianza siku kota zilipojengwa.

Watu wasio na shamba hapa

Mgeni aliyeingia Kampala kabla ya miaka ya 1950 kutafuta kazi alikuwa akiingia ugenini kwelikweli. Ardhi iliyozunguka mji ilikuwa ya ufalme wa Buganda, imegawanywa kwa mailo, yaani mashamba ya umiliki binafsi yaliyopimwa kwa maili za mraba, tangu Mkataba wa 1900, na chumba cha kupanga ulikipata Kisenyi au Mulago kwa mwenye kiwanja Mganda. Ulilala kwake, ukajifunza Kiganda chake, ukamsalimu kwa kupiga goti ikibidi. Si vibaya, ndiyo desturi ya nyumba ya mtu. Ila ulibaki mgeni siku zote.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakoloni walianza kuona kwamba mfanyakazi anayelala popote hawezi kutegemewa. Mgomo mkubwa wa Januari 1945 ulikuwa umewashtua, na ghasia za 1949 zikawashtua tena. Reli ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954 na umeme wake ukaamsha viwanda. Vibarua wa reli, bandari ya Port Bell na viwanda vya kando ya barabara ya Jinja walihitaji mahali pa kulala. Ndipo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuendelea katika miaka ya 1950, zikajengwa kota mbili upande wa mashariki, kwenye ardhi ya serikali, nje ya himaya ya mailo: Nakawa chini, Naguru juu kilimani.

Hiyo tofauti ya chini na juu haikuwa ya jiografia peke yake. Nakawa palikuwa na nyumba ndogo, nyingi za chumba kimoja, choo na bomba la kushirikiana. Naguru palikuwa na vyumba zaidi na kodi kubwa zaidi, na waliokaa huko ni makarani, walimu, mafundi wenye vyeti. Mtu akipandishwa cheo kazini alihama, na kuhama kwenyewe kulikuwa kupanda mlima na godoro kichwani, majirani wa chini wakimtazama. Wengine walipanda wakasahau kushuka tena, isipokuwa siku ya msiba.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na kufanya utafiti katika kota hizi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Uganda inapata uhuru. Picha aliyoieleza ni ya mtaa ambao Waganda, wenyeji wa jiji, walikuwa wachache, na waliojaa ni Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, pamoja na watu wa mashariki na kaskazini mwa Uganda. Kila kabila lilikuwa na chama chake, na vyama hivyo vilikuwa na timu za mpira. Luo Union, chama cha Wajaluo, ilikuwa na ngazi hadi za ukoo na lokesheni, kiasi kwamba mtu wa Alego, huko Siaya nchini Kenya, aliyetoroka mke alitafutwa Kampala na kamati ya Alego.

Kwa hiyo hapa hapakuwa na mwenyeji. Kila mtu alikuwa na kwao, na kwao hakukuwa hapa.

Lugha ya bombani

Mtaa usio na mwenyeji hauna lugha ya mwenyeji. Kiswahili kilipata nafasi Nakawa kwa njia hiyo, bila amri ya mtu.

Amri zilikuwapo, tena zilishindwa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe katika shule za Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakipinga waziwazi, akiona kinakuja kuing'oa lugha ya watu wake na kuwaburuta Waganda kwenye muungano na Kenya. Baadaye Idi Amin akatangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo likafanya kinyume chake: watu wakazidi kukihusisha na buti na bunduki. Hata leo ukisema Kiswahili sokoni Owino kuna mama atakayeshika pochi yake. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tutaona.

Nakawa haikungoja. Utafiti wa lugha uliofanywa nchini mwishoni mwa miaka ya 1960 uliona kwamba Wauganda wanaoweza kuzungumza Kiganda ni asilimia 39, Kiswahili asilimia 35, Kiingereza asilimia 21. Sehemu kama Nakawa zilisaidia kuibeba hiyo 35. Mama wa Kiteso na mama wa Kiluhya waliokutana bombani saa kumi na moja alfajiri walihitaji kupanga foleni ya ndoo, na hawakuwa na muda wa kungoja Bunge.

Kilikuwa Kiswahili cha namna yake, sikatai. "Mtoto ingine," "kitu yangu," "nyumba ile ya mzee imeanguka na yeye alikuwa ndani, lakini hakuna neno, ako sawa." Mtu wa Mombasa angecheka mpaka akae chini. Lakini sijasikia aliyekosa maji kwa sababu ya ngeli.

Jina mlangoni, mtu ndani

Oktoba 1970 serikali ya Rais Obote iliamuru wafanyakazi wa kigeni wa kazi za chini waondoke. Inakadiriwa Wakenya wapatao 30,000 walirudi kwao, wengi wao Wajaluo, na wengi wa hao walikuwa Kampala na Jinja. Kwa Nakawa na Naguru huo ulikuwa upasuaji. Vyama vya ukoo vilivyokuwa vinacheza ligi vilibaki bila wachezaji. Nyumba zilibaki na funguo zikiwa kwa jirani.

Marehemu mjomba, mume wa shangazi, alikuwa mtu wa reli kutoka Tororo. Mlango wao aliupata kupitia rafiki wa Siaya aliyekuwa akifunga virago. Alikwenda ofisini, akabadilisha jina, akawa mpangaji halali. Wengine hawakwenda. Walilipa kodi kwa jina la aliyeondoka, risiti ikatoka kwa jina la aliyeondoka, na mambo yakaenda hivyo mwaka baada ya mwaka. Nani angekwenda kujieleza ofisini miaka ile? Kitengo cha Usalama wa Umma cha Amin makao yake yalikuwa Naguru hapohapo, na watu waliopelekwa huko hawakuwa wakirudi. Wazee wanasema walijifunza kupita barabara ile bila kugeuza shingo. Kutokuandikwa popote kulikuwa busara.

Watanzania walipoingia Kampala Aprili 1979, shangazi alisema kilichomshangaza si vifaru, bali mwanajeshi aliyemwambia "Shikamoo, mama, naomba maji ya kunywa." Hakuwa amewahi kusikia bunduki ikiomba.

Baada ya hapo, kota zikaanza kujaa kwa namna ambayo daftari la ofisini halikuijua. Mshahara wa serikali ulipogeuka kichekesho, mpangaji alijenga chumba cha mabati uani akapangisha. Mwingine akahamia kijijini na kumwachia mlango mpwa wake. Mjane akabaki katika jina la mumewe. Shangazi ndivyo alivyokaa baada ya 1991, miaka ishirini, mpangaji akiwa marehemu. Nyuma ya mlango mmoja ungekuta jina moja ofisini na familia tatu kwenye sufuria: wa ndani, wa uani, na kijana anayelala jikoni ili asubuhi awahi kazi ya kubeba mizigo soko la Nakawa.

Namna daftari la matanga lilivyofanya kazi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mtaa ulipokuwa mtaa.

Mtu akifa Nakawa, tatizo la kwanza ni umbali. Hakuna aliyezikwa Nakawa. Maiti lazima iende kwao, na kwao ni Tororo, Soroti, Gulu, Arua, Busia, wakati mwingine ng'ambo ya mpaka mpaka Siaya. Kuna jeneza, kuna gari, kuna mafuta, kuna chakula cha watakaokesha. Mshahara wa mtu mmoja hauwezi, na chama cha kabila kilikuwa na watu wachache tangu 1970. Kwa hiyo mzigo ulihama kutoka kwenye kabila ukaenda kwenye safu ya nyumba.

Moto unawashwa nje usiku wa kwanza, turubai linafungwa kutoka paa hili hadi lile. Karani anapita mlango kwa mlango. Hamwulizi mtu kabila, hamwulizi kama jina lake liko kwenye risiti. Anauliza: "Unaweka ngapi?" Kijana wa jikoni anaandikwa. Mama anayepika malwa, pombe ya ulezi, ambaye wateja wake hukaa kuzunguka chungu na mirija mirefu, anaandikwa, na kwa kawaida anatoa kuliko karani wa benki. Fundi viatu wa njiapanda anaandikwa. Asiyetoa hatukanwi. Siku yake ikifika, watu wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai yake, wanaondoka. Na daftari linasomwa hadharani, kwa hiyo kila mtu anajua kwa nini.

Waganda wana jambo la namna hiyo, wanaliita munno mukabi, rafiki wa wakati wa shida. Tofauti ni kwamba lao limeota kwenye kijiji na makaburi ya ukoo. La Nakawa lilisimama juu ya saruji ya kupanga.

Miaka ya mwisho ya 1980 na ile ya 1990 UKIMWI ulilijaza daftari. Shangazi alimaliza madaftari matatu ndani ya miaka minne. Hilo la uzi mweusi ni moja tu lililosalimika. Halafu kulikuwa na vita vya waasi wa Kony kaskazini. Kumpeleka marehemu Gulu kulimaanisha kupita daraja la Karuma, na magari yaliviziwa njiani. Kwenye ukurasa mmoja kuna mchango wa dereva, umeandikwa peke yake chini ya mstari: pesa za ziada, "kwa sababu ya njia." Wateso na Wasamia wa Nakawa walichanga ili Mwacholi azikwe kwao kwenye risasi. Sijui kama kuna mtaala wa umoja wa kitaifa uliowahi kufanya zaidi.

Milango 1,747

Mwaka 2007 serikali ilitia saini mkataba na mwekezaji kutoka ng'ambo. Kota za zamani zingebomolewa, mahali pake pangejengwa mji mpya: nyumba zipatazo 5,000, hoteli, maduka, shule, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 300. Wapangaji wa zamani wangepewa nafasi ya kwanza ya kununua, na hesabu yao iliyotangazwa ilikuwa 1,747.

Nisiwe mwongo: kota zilikuwa zimechoka. Vyoo vilifurika mvua ikinyesha, mapaa yalivuja, na watu walioishi Kololo, kilima cha pili cha wenye nacho, walikuwa wakitazama chini kwetu kama mtu anayetazama doa kwenye shuka. Aliyesema pale panahitaji kujengwa upya hakukosea.

Lakini tazama ile namba. 1,747 ni hesabu ya daftari la ofisini. Ilihesabu milango. Siku ilipotangazwa, mtaa ambao kwa miaka arobaini ulikuwa ukigawana misiba na mirija ya malwa ukapata mpasuko mpya kabisa: wenye jina na wasio na jina. Mwenye jina alikuwa na tumaini la nyumba. Aliona afadhali asubiri, asigombane, asije akafutwa. Wa uani hakuwa na tumaini lolote, kwa hiyo hakualikwa kwenye mikutano, na akialikwa aliulizwa anatetea nini. Na mwenye jina la marehemu, kama shangazi, alikuwa hajui aseme yuko upande upi.

Hapo ndipo mtaa ulipokatika, miaka minne kabla ya tingatinga. Watu waliokuwa wakiandikwa ukurasa mmoja siku ya msiba hawakuweza kuandika barua moja siku ya kufukuzwa.

Turudi Bugolobi na Bukoto. Kule palikuwa na maghorofa ya shirika la nyumba la taifa: fleti moja, familia moja, na jina la mkaazi kwa kawaida ndilo jina la mpangaji. Sheria ya mwaka 2001 iliyoruhusu mtu kumiliki fleti ndani ya jengo la wengi iliwapa mlango wa kisheria wa kuingilia. Na hakukuwa na ardhi kubwa ya kumezea mate. Watu walikuwa wamepangwa kwenda juu. Nakawa na Naguru zilikuwa nyumba za chini, zimetawanyika kwenye ardhi pana kando ya barabara kuu, dakika chache kutoka Kololo. Kadiri kiwanja kilivyopanda bei, ndivyo nyumba iliyokaa juu yake ilivyoonekana takataka. Wa Bugolobi waliokolewa na ufinyu wao. Hili sijawahi kulisikia likisemwa kwenye mikutano, labda kwa sababu halimpi mtu wa kumlaumu.

Julai 2011 kazi ikafanyika. Polisi walikuwapo, matingatinga yalikuwapo. Watu walitoa vitanda, mabati, milango yenyewe. Wa uani walitoa zaidi, maana mabati yalikuwa yao.

Nyasi

Yaliyofuata yanasemeka kwa kifupi. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais mwaka 2013. Mji haukujengwa. Nyasi ziliota, watu wakalima mahindi, vijana wakacheza mpira juu ya sakafu za nyumba walizozaliwa. Mkataba ulivunjwa, ardhi ikaanza kugawiwa kwa kampuni na watu wengine vipande vipande, hadi Bunge likaunda kamati maalumu kuchunguza nani kapewa nini, na ripoti yake ikatoka 2022. Wapangaji 1,747 bado wanatajwa kwenye kila karatasi. Walau wao wanatajwa.

Majirani wa shangazi walitawanyika: Kinawataka, Banda, Kireka, wengine wakateremka tu hapo Naguru Go-Down na kuanza upya kwenye mizigo, hivi vyumba vya kupanga vya mstari mmoja. Vijana waliojua ngumi kwa sababu Naguru ilikuwa mtaa wa ngumi waliendelea kurudi kufanya mazoezi kilimani, wakilipa boda boda kwenda mahali walipokuwa wakifika kwa miguu.

Yeye alihamia Kireka na daftari. Kurasa za baada ya 2011 zina sura nyingine. Safu ya kushoto, iliyokuwa ya namba za milango, imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na badala yake kuna namba za simu. Mchango unakuja kwa simu, kwa hiyo safu ya sukari imetoweka. Hakuna anayetuma kilo mbili za sukari kwa simu. Majina yamepungua, halafu, mwaka mmoja hivi baadaye, yameongezeka tena. Mtu aliyefuatilia orodha hizo kuliko wote alikuwa yule kijana wa jikoni, ambaye sasa ana duka la vipuri na ndiye anayeendesha kundi lao la WhatsApp. Katika daftari la ofisini hakuwahi kuwapo.

Shangazi alifariki 2019. Tulimpeleka Tororo. Nilipokwenda kuchukua vitu vyake Kireka, daftari lilikuwa mezani, na orodha yake mwenyewe imeandikwa ndani, majina sitini na moja, kwa mwandiko wa kijana huyo. Namba za simu zote zimo. Juu kabisa, mahali pa jina la marehemu, kwenye ile safu iliyofutwa kwa wino mwekundu, ameandika namba ya mlango.